Kiingereza na Simu: Ni Chombo ao ni Mtu Anayebadili Lugha?

Malalamiko haya mmeyasikia mara nyingi: "Vijana wa leo hawajui kuandika. Wanakata maneno, wanatia tarakimu mahali pa herufi, wanatuma kapicha mahali pa jibu. Simu imeharibu lugha." Wazazi wanasema hivi, walimu wanasema hivi, na sisi wakatekista tunasema hivi kila tunapopokea ujumbe wa vijana wa jumuiya zetu.

Je, ni kweli kwamba chombo kinaweza kuharibu lugha? Tusijibu kwa hasira, bali tuulize historia. Tutachukua mfano wa lugha moja tu, ndiyo Kiingereza. Kwa nini Kiingereza? Kwanza, maandishi yake yanarudi nyuma zaidi ya miaka 1300, basi tunaweza kufuata njia yake hatua kwa hatua. Pili, ni moja ya lugha zilizoguswa mapema na simu na intaneti. Tatu, watoto wetu wanakifunza katika shule za sekondari, na jirani zetu wa Uganda na Rwanda wanakitumia katika masomo na katika kazi za serikali. Tukiona yaliyokipata Kiingereza, tutaweza kupima vizuri zaidi yanayozipata lugha zetu wenyewe.

Lugha iliyobatizwa

Mwaka 597 monaki Augustino, aliyetumwa na Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, alifika pamoja na wenzake katika ufalme wa Kent, kusini-mashariki ya Uingereza. Watu wa pale walikuwa na lugha yao, ambayo babu zao waliileta kutoka pwani za Ujerumani na Denmark ya leo. Walikuwa na alama za kuchonga juu ya miti na mawe, lakini hawakuwa na vitabu. Wamonaki wakaleta herufi za Kilatini, na kwa herufi hizo Kiingereza kikaanza kuandikwa juu ya ngozi za vitabu.

Pamoja na herufi yakaingia maneno. "Bishop", maana yake askofu, ni neno la Kigiriki "episkopos" lililopita katika Kilatini. "Priest", yaani padri, limetoka katika "presbyter". "Mass" ni "missa", ndiyo Misa yetu. Lakini wamisionari hawakuleta maneno yote kutoka Roma. Neno "God", Mungu, lilikuwa la wenyeji kabla ya kubatizwa kwao. "Heaven", mbingu, na "hell", jehanamu, vilevile. Hata "Easter", jina la Paska: Mtakatifu Beda, monaki aliyekufa mwaka 735, ameandika ya kwamba lilitoka katika jina la mungu mke wa wapagani wa zamani. Maneno ya wapagani yakabatizwa pamoja na wenyewe, yakapata maana mpya.

Sisi tunafahamu jambo hili. Neno "Mungu" lilikuwako midomoni mwa watu kabla ya wamisionari kufika. Maana yake ilikua pamoja na imani ya wale waliolisema.

Basi tushike somo la kwanza. Herufi za Kilatini zilikuwa chombo kipya, tena cha ajabu kwa watu wa Kent. Lakini kilichobadili neno "God" si herufi. Ni imani.

Ng'ombe zizini, nyama mezani

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandi katika Ufaransa, alivuka bahari, akawashinda Waingereza vitani, akajitwalia ufalme. Toka hapo, kwa muda wa miaka 300 hivi, wakubwa walisema Kifaransa, makarani na mapadri waliandika Kilatini, na watu wadogo waliendelea na Kiingereza chao shambani.

Jambo hili limeacha alama ambayo ingali pale mpaka leo. Mnyama akiwa mzima, Mwingereza anamwita kwa jina la zamani la Kiingereza: ng'ombe ni "cow", kondoo ni "sheep", nguruwe ni "pig". Lakini akiisha kupikwa na kuwekwa mezani, anaitwa kwa jina la Kifaransa: "beef", "mutton", "pork". Sababu yake ni rahisi kuona. Aliyechunga alisema Kiingereza. Aliyekula alisema Kifaransa. Lugha imeandika hali ya watu kama karani mwaminifu.

Kisha mambo yakageuka. Wakubwa walioana na wenyeji, vita na Ufaransa vikawatenga na ndugu zao wa ng'ambo, na Kiingereza kikapanda tena. Mwaka 1362 Bunge lilitoa sheria ya kwamba mashauri ya mahakama yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakufahamu Kifaransa tena. Na ajabu ni hii: sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Lugha ya watu ilikuwa imekwisha kutangulia, na maandishi yalikuwa yakifuata nyuma taratibu. Ndivyo ilivyo mara nyingi.

Mfanyabiashara wa Bruges

Hapa habari yetu inapita katika inchi ambayo wazee wetu waliijua sana. Mwingereza mmoja, William Caxton, alikaa miaka mingi akifanya biashara katika mji wa Bruges, ulio leo katika Ubelgiji. Alijifunza kazi ya kuchapa vitabu katika mji wa Köln, Ujerumani, na karibu na mwaka 1473, katika inchi ya Flandria, akachapa kitabu cha kwanza cha Kiingereza. Mwaka 1476 alirudi kwao na mashini yake, akaifunga Westminster, karibu na abasia kubwa ya London.

Mara akapata taabu. Mashini inataka neno liwe na umbo moja, lakini Waingereza wa wakati ule walisema kila mtu kwa namna ya kwao. Caxton mwenyewe amesimulia, katika kitabu alichokichapa mwaka 1490, habari ya wafanyabiashara waliofika nyumba moja ya Kent, wakaomba mayai. Walisema "eggs", kama watu wa kaskazini. Mama wa nyumba akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Mfanyabiashara akakasirika, kwani naye hakujua Kifaransa. Ndipo mwenzake akasema "eyren", jina la mayai kwa watu wa kusini, na mama akafahamu. Caxton akauliza: basi, mtu aandike lipi?

Wachapaji ndio waliojibu swali hilo, kidogo kidogo. Tena wataalamu wengi wanasema kwamba wachapaji wenye desturi za Flandria ndio waliotia herufi "h" katika neno "ghost", roho, kwa sababu Kiflandria kiliandika hivyo. Waingereza hawaitamki ile "h", lakini wanaiandika mpaka leo. Na Roho Mtakatifu kwa Kiingereza cha zamani ni "Holy Ghost". Kumbe hata katika jina takatifu mkono wa mchapaji umeacha kidole chake!

Hivyo chombo kina nguvu, tusikatae. Mashini iligandisha maandishi, lakini midomo ilizidi kwenda. Ndiyo maana mtoto anayejifunza Kiingereza anateseka: anaandika kama watu wa miaka 500 iliyopita, anasema kama watu wa leo.

"Wewe" iliyopotea

Sasa tuone badiliko moja kubwa sana ambalo halikuletwa na chombo chochote.

Zamani Mwingereza alikuwa na "thou" kwa kusema na mtu mmoja, na "you" kwa kusema na wengi. Kisha, kwa mfano wa Kifaransa, "you" ikatumiwa pia kwa mtu mmoja mwenye heshima. Wale waliosoma Kifaransa wanafahamu, ni kama "tu" na "vous". Bwana alimwambia mtumishi "thou", mtumishi alimjibu bwana "you". Lakini miji ilipokua, na wafanyabiashara wakapata mali, ikawa vigumu kujua nani mkubwa na nani mdogo. Kwa kuogopa kumtukana mtu, wakawapa wote neno la heshima. Katika karne ya 17 "thou" ikawa inakufa katika mazungumzo ya miji.

Kulikuwa na kundi moja la Waprotestanti, wanaoitwa Wakweka, waliokataa. Wao walisema "thou" kwa kila mtu, hata kwa hakimu, kwa kuwa mbele ya Mungu wote ni sawa. Wengine walipigwa na kutukanwa kwa ajili ya neno hilo moja.

"Thou" ikabaki katika sala. Wakatoliki Waingereza waliokimbia mateso walitafsiri Biblia katika bara la Ulaya, Agano Jipya huko Reims mwaka 1582 na Agano la Kale huko Douai mwaka 1609 na 1610. Nao walitumia "thou" kwa Mungu, vilevile na Biblia ya Waprotestanti ya mwaka 1611. Leo Waingereza wengi wanadhani ya kwamba "thou" ni neno la heshima kubwa, la kumtenga Mungu mbali na watu. Kumbe ni kinyume: lilikuwa neno la nyumbani, la mtoto kwa baba yake. Hakuna mashini iliyofanya hasara hii. Ni watu, kwa adabu yao na kwa hofu yao.

Kukata maneno si jambo la leo

Turudi kwa lawama ya kwanza: vijana wanakata maneno. Ndugu, tazameni vitambaa vya altare na mavazi ya Misa. Mara nyingi mtaona herufi tatu, IHS. Hizo ni herufi tatu za kwanza za jina la Yesu kwa Kigiriki. Wamonaki walikata maneno mengi namna hiyo, kwa kuwa ngozi ya kuandikia ilikuwa ya bei kali na mkono unachoka. Alama ya "&" wanayoipenda wafanyabiashara ni neno la Kilatini "et", lililofungwa kama fundo. Na wale wanaoandika "Xmas" kwa Noeli, watu wengine wanawashtaki kwamba wamemfukuza Kristu katika sikukuu yake. La. Hiyo X ni herufi ya kwanza ya jina la Kristu kwa Kigiriki, na Waingereza walikuwa wakiifupisha Noeli kwa herufi hiyo tangu karne ya 16.

Hata neno la kuagana, "goodbye", ni baraka iliyofupishwa: "Mungu awe nanyi". Mamilioni ya watu wanaiagana kila siku, wengine bila imani yoyote, na hawajui ya kuwa wanabarikiana.

Wenye kunung'unika nao si wapya. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mwandishi mwenye jina kubwa, tena mchungaji wa Kianglikana, aliwalaumu vijana wa London kwa kukata maneno. Moja aliyoichukia ilikuwa "mob", maana yake kundi la watu wenye ghasia, lililokatwa katika maneno ya Kilatini "mobile vulgus". Leo "mob" ni Kiingereza safi, hakuna mwalimu wa kulifuta. Mwaka 1712 Swift alishauri kiundwe chama cha wataalamu cha kuilinda lugha, kama Wafaransa walivyofanya mwaka 1635. Hakikuundwa. Na Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alikiri katika dibaji ya kwamba alianza kazi akitumaini kuizuia lugha isibadilike, lakini akaona kwamba hakuna kamusi inayoweza kufanya hivyo.

Kisha waya zikafika. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wa telegramu kutoka Washington mpaka Baltimore, Marekani. Maneno yake yalitoka katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 23. Katika telegramu mtu alilipa kwa hesabu ya maneno. Basi watu wakajifunza kuacha kila neno lisilo la lazima, kwa kuwa feza ni mwalimu mkali. Simu ya sauti ilipokuja mwaka 1876, Alexander Graham Bell alitaka watu waitikie kwa mwito wa mabaharia, "ahoy". Mwenzake Thomas Edison alipendelea "hello", na huyo ndiye aliyeshinda. "Allo" yetu sisi ni ya ukoo huo.

Na zile herufi OMG, ambazo vijana wanaziandika kila saa kwa mshangao? Maana yake ni "Ee Mungu wangu". Watu wanadhani zimezaliwa katika simu. Kumbe mwaka 1917 mzee wa miaka 76, Lord Fisher, mkubwa wa manowari za Uingereza, aliziandika katika barua kwa Winston Churchill. Ikiwa ni dhambi kulitaja bure jina la Mungu, na ni dhambi kweli, basi ni dhambi ya midomo ya zamani sana.

Heri ya Noeli ya mwaka 1992

Tarehe 3 Desemba 1992 kijana mmoja, Neil Papworth, alituma kutoka mashini yake ujumbe wa maandishi wa kwanza katika simu ya mkono. Maneno yake? Alimtakia mwenzake heri ya Noeli. Ujumbe kama huo haukuweza kuzidi herufi 160, kwa kuwa Mjerumani Friedhelm Hillebrand na wenzake, tangu mwaka 1985, walikuwa wamepima ya kwamba herufi hizo zinatosha kwa habari nyingi za watu.

Herufi zikiwa chache, tena vitufe vikiwa vidogo, watu wakafanya kama wamonaki na kama watu wa telegramu: wakakata. "You" ikawa "u", "great" ikawa "gr8", kwa kuwa tarakimu 8 kwa Kiingereza inasikika kama mwisho wa neno hilo. Magazeti ya Uingereza yakapiga kelele: lugha inakufa!

Wataalamu wakaenda kupima. Katika mji wa Coventry, Beverly Plester na Clare Wood pamoja na wenzao walichunguza watoto wa miaka 10 mpaka 12, wakatoa majibu yao mwaka 2008 na 2009. Waliona ya kwamba watoto wenye kutumia sana maneno yaliyokatwa hawakuwa wajinga wa kusoma; bali mara nyingi walisoma vizuri kuliko wengine. Na sababu inafahamika. Ili kuandika "gr8" mtoto lazima asikilize sauti zilizomo ndani ya neno. Naye David Crystal, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alionyesha ya kwamba maneno yaliyokatwa ni sehemu ndogo tu ya ujumbe; mengi yameandikwa kama kawaida.

Badiliko lenyewe liko mahali pengine. Zamani watu waliandika kwa kutuma mbali na kwa kuhifadhi. Mazungumzo yalifanywa kwa mdomo. Sasa, kwa mara ya kwanza, watu wengi sana wanazungumza kwa maandishi. Lakini maandishi hayana uso wala sauti. Basi wanatafuta uso mahali pengine. Mwaka 1999 kampuni moja ya simu ya Japani ilitoa vipicha 176 vilivyochorwa na Shigetaka Kurita. Tangu mwaka 2010 vipicha vya namna hiyo vikaingizwa katika orodha ya herufi inayotumiwa na mashini za dunia yote. Mwaka 2015 wakubwa wa kamusi za Oxford walichagua, kuwa neno la mwaka, kipicha cha uso unaocheka mpaka machozi. Nukta nayo imepata kazi mpya. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo cha Binghamton, Marekani, na kutolewa mwaka 2015, ulionyesha ya kwamba jibu fupi la simu likiisha kwa nukta, msomaji analiona halina moyo wa kweli. Kwa barua ya mkono haikuwa hivyo. Kile kidoa kidogo, ambacho walimu walikitaka kwa fimbo, kimekuwa alama ya uso uliokunjwa!

Watu wapya, maneno mapya

Chombo kinapeleka mbio, lakini mzigo unatoka kwa watu. Mwezi wa Juni 1948 meli Empire Windrush ilifika karibu na London, na ndani yake mamia ya watu wa Jamaika na visiwa jirani waliokuja kutafuta kazi. Baada yao wakaja wengine wa Asia na wa Afrika. Watoto wao wakakua mtaa mmoja na watoto wa Waingereza, wakacheza mpira mmoja, na katika mitaa hiyo kikazaliwa Kiingereza kipya cha vijana wa London, ambacho Jenny Cheshire na Paul Kerswill wamekichunguza tangu mwanzo wa karne hii. Leo muziki na simu vinakipeleka katika miji mingine. Lakini hakikuzaliwa katika simu. Kilizaliwa kwa ujirani. Vivyo hivyo neno letu "safari": liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, kwa sababu wageni walitembea na wapagazi wetu.

Wanawake pia wamebadili lugha. Zamani mwanamke Mwingereza aliitwa "Miss" ao "Mrs", kadiri alivyoolewa ao hapana, na mwanaume hakuulizwa hilo hata mara moja. Mwaka 1901 mtu fulani alishauri katika gazeti la Springfield, Marekani, jina moja kwa wote, "Ms". Halikufuatwa. Wanawake walipokwisha kuingia wengi katika makazi ya mishahara, likapata nguvu, na mwaka 1986 gazeti la New York Times likalikubali. Neno lilikuwa tayari miaka 85, lilingoja watu.

Neno la Ubatizo lililoanguka

Sasa tumefika kwa jambo lenyewe. Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno zuri sana, "godsibb". "God" ni Mungu, "sibb" ni ndugu: ndugu katika Mungu. Ndivyo walivyoitwa baba na mama wa Ubatizo, wale wanaomsimamia mtoto. Katika karne ya 14 neno likawa la rafiki wa karibu. Katika karne ya 16 likawa la mtu mwenye maneno mengi yasiyo na kazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 likawa jina la maneno yenyewe. Leo "gossip" maana yake ni umbeya.

Fikirini, ndugu zangu. Neno lililozaliwa kando ya maji ya Ubatizo limekuwa jina la kusengenya! Hakukuwa na simu, hakukuwa na waya. Watu waliitwa ndugu katika Mungu, wakakutana, wakaanza kusema watu. Neno likafuata matendo yao mpaka chini.

Linganisheni na "goodbye". Lile limekatwa vibaya, herufi zimeanguka, lakini baraka ingali ndani. "Gossip" nalo limepoteza herufi chache tu, lakini roho yake imetoka. Basi si kukatwa kunakoua neno.

Eklezya inajua tofauti hiyo. Katika Misa ya Kiingereza ya mwaka 1973 jibu la waamini kwa salamu ya padri lilifupishwa, na neno "roho" likaachwa. Mwaka 2011, katika tafsiri mpya, likarudishwa, ingawa watu walikuwa wamekwisha kuzoea lile jepesi. Si kwa kupenda urefu, bali kwa kuwa kulikuwa na maana ya kulindwa.

Leo maneno mengine yako njiani, na hatujui yatafika wapi. "Friend", rafiki, katika asili yake ni "yule anayependa". Sasa katika intaneti ni mtu yeyote uliyemkubali kwa kidole, na kumfuta kuna neno lake, "unfriend", ambalo kamusi moja ya Oxford ililichagua kuwa neno la mwaka 2009. "Follower", mfuasi, lilikuwa neno la wale waliomfuata Kristu. Sasa ni mtu anayetazama picha za mwingine. Mwaka 2016 Oxford ilichagua "post-truth", yaani hali ya watu wasiojali tena ukweli. Mwaka 2024 ikachagua "brain rot", kuoza kwa akili, neno ambalo Henry David Thoreau aliliandika tangu mwaka 1854.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuna haja ya kuambiwa maneno yanaweza kufika wapi. Mwaka 1994, kule Rwanda, redio iliwaita watu kwa jina la mende, na jirani wakaua jirani. Herufi zote za neno lile zilikuwa sawasawa. Mwalimu asingepata kosa la kusahihisha.

Basi, wazazi na walimu, mtoto wenu akiandika kwa kukata maneno, mfundisheni kuandika vizuri katika daftari na katika barua, kwani kila mahali pana adabu yake. Lakini msimalize hasira yenu yote juu ya herufi. Ulizeni zaidi: ujumbe huu unasema nini? Ni kweli? Unamhusu nani? Ungeweza kuusema mbele yake? Kijana anayeandika "u" kwa "you" hajaharibu kitu. Anayepeleka uvumi juu ya jirani katika simu hamsini, hata akiuandika kwa sarufi safi kabisa, huyo ndiye anayeharibu lugha.

Na ninyi baba na mama wa Ubatizo, mnaosimama Dominika mbele ya altare na mshumaa mkononi, kumbukeni jina ambalo Waingereza waliwapa wenzenu wa zamani, na mahali lilipoangukia. Jina lenu kwa lugha yetu lingali safi. Kulitunza ni kazi ya ulimi wenu, na ya kidole chenu pia.